Kiti cha Dereva

Viorica, binti yangu, alinipa kadi asubuhi.
"Baba, gusa hapo, ikilia, pita."
Nikagusa. Ikalia. Nikapita.
Hakuna aliyenyanyua uso kuniangalia.

Chisinau nimeendesha trolibasi miaka thelathini na mmoja,
toka kiwanda cha matrekta hadi makaburini,
gari lenye pembe mbili kichwani kama beberu,
likinyonya umeme wayani.
Pembe zikichomoka, na pale kona ya soko zilichomoka kila siku,
nilishuka na glavu, nikazunguka nyuma,
nikavuta kamba nikiutafuta waya
kama mtu atungaye uzi sindanoni
huku theluji ikimjaa machoni.
Ndani watu arobaini wakinitukana ukoo mzima.
Nikirudi, mmoja wao hunipa mbegu za alizeti.

Leo niko Kopenhagen, kiti cha mbele kabisa,
pale ambapo dereva angekaa,
na dereva hayupo.
Si kwamba ameenda kuvuta sigara.
Hayupo, hajawahi kuwapo.
Kipo kioo, na shimo jeusi linatujia mbio.
Mguu wangu wa kulia umeshakanyaga breki,
umekuta sakafu,
safi kuliko meza yetu ya Pasaka.

Mwanamke kakimbia ngazi, kofia mkononi,
mlango ukajifunga mbele ya pua yake.
Hakulaani. Angemlaani nani?
Katazama ubao: dakika mbili.
Na kweli, nyuma yetu nyingine ilikuwa inakuja, nakiri.
Kwetu angengoja mpaka viazi viive.
Lakini kwetu pia nilikuwa na kioo cha pembeni,
na katika kioo hicho nilimwona Agafia na magongo yake
akitoka duka la mikate, anajikokota,
nami nikajifanya nakagua taa.
Ratiba nayo ilikuwa karatasi tu.

Halafu huu ukimya.
Nimekohoa nikaona haya.
Lidia, kondakta wangu, angekufa humu siku ya kwanza.
Yeye alipita katikati ya migongo na mkoba wa sarafu,
akijua nani kaachika, nani kapata visa ya Italia,
na nauli ya aliyebanwa mlango wa nyuma
ilipita mikono kumi ndipo imfikie,
na chenji ikarudi mikono ileile kumi,
kamili.
Mara nyingi kamili.

Kituo cha tatu kapanda mtoto, miaka mitano hivi.
Mama yake kamwita Asger.
Kasimama mbele yangu, kidole kwenye kiti changu,
akasema maneno ambayo sikuyajua
na niliyaelewa yote:
hapo ni pangu, mimi ndiye dereva.
Nikasogea.
Akashika usukani wa hewa, mikono imegandana pamoja.
Hapana, bwana mdogo. Hivi.
Nikamtanua mikono, kama saa nne kasoro dakika kumi.
Penye kona, sikiliza kwanza, ndipo ukate.
Mama akatutazama, akatabasamu kidogo,
akarudi kwenye simu.

Tukatoka gizani.
Ghafla mapaa, baiskeli, kipande cha bahari ya kijivu.
Asger akafunga breki kwa miguu miwili,
na mimi nikafunga, sikuweza kujizuia,
na treni ikapunguza mwendo.
Yeye alijua ni sisi.
Mimi nilijua si sisi,
lakini nilitazama kioo cha pembeni, ambacho hakipo,
kuona kama kuna mtu anayekimbia.

Nikashuka. Nimeshafika barabarani, upepo unaniuma masikio,
ndipo nikakumbuka: na kutoka pia unagusa kadi.
Lidia asingenisamehe.
Nikapanda tena ngazi zote, magoti yakilalamika,
jukwaa tupu, hakuna mlinzi, hakuna mtu,
nikagusa.
Ikalia.
Nikavua kofia, nikaiambia ile mashine, kwa lugha yetu,
Mungu akupe afya.