Mgao wa Kwanza, Kitangari

Walikuja na jenereta, na turubai, na kimashine
chenye jicho la kijani la kusoma vidole.
Ghala letu lilikuwa tupu, msimu bado,
lina harufu ile ya magunia na salfa isiyotoka.

Bwana mdogo wa kizibao cha machungwa akasema:
sarafu ya taifa, haina karatasi, haina shaba,
inaishi kwenye hesabu.
Leo inazaliwa. Kila raia atapewa fungu.
Atakayewahi ataongezewa.

Atakayewahi.
Mimi ni karani wa mizani, mwaka wa kumi na nne huu,
neno hilo nalijua uzito wake.
Aliyewahi ni yule aliyekuja Februari, jiko limepoa,
na bakuli lake la kangomba,
akanunua korosho ambazo hazijawa hata ua,
akamwachia Mzee Nantumbo ada ya mtoto mmoja,
akaondoka na mikorosho arobaini.
Hakuiba. Aliwahi tu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza:
hizo sarafu zimekwisha kuchongwa zote,
au mtachonga tukiona?
Kuna waliojiwekea kabla jenereta haijawaka?
Wangapi? Majina yao yabandikwe pale,
ukuta ule, pembeni ya orodha ya kilo,
ambapo Bi Chikambu hujisomea kilo za jirani
na jirani hujisomea zake,
na mtu akifuta tarakimu moja
kijiji kizima kinajua kabla ya adhuhuri.

Akatabasamu. Akasema kitabu chao hakifutiki.
Nikasema vizuri.
Ukurasa wa kwanza kaandika nani?

Hapo jenereta ikazima. Watu wakacheka.
Ikawashwa.

Foleni tulikuwa tumeipanga kama ya maji:
jiwe la kila mtu linasimama mahali pake
mwenyewe akienda kunyonyesha.
Jiwe la mama yangu, Fatu Namahala, lilikuwa la tatu.

Akaweka kidole gumba. Jicho likawa jekundu.
Akaweka cha shahada. Jekundu.
Akakipangusa kwenye kanga, akakipuliza, akaweka tena.
Miaka thelathini alibangua korosho,
mafuta ya ganda yakamla ngozi polepole
yakamfuta mistari yote aliyozaliwa nayo.
Vidole vyake ni laini kama kipande cha sabuni
kilichobaki cha kuoshea mikono ya wageni.

"Hatambuliki," akasema bwana mdogo, kwa upole kabisa.

Nyuma ya mama walisimama wanawake kumi na saba,
wote wa kiwanda kilekile.
Wakaanza kuvitazama viganja vyao.

Sina elimu ya sarafu isiyoshikika.
Najua mizani tu. Kabla ya kupima chochote
unaiacha tupu, unasubiri mshale urudi sifuri,
unamwita mwenye mzigo aje aione sifuri hiyo
kwa macho yake mwenyewe.
Ndipo unasema: haya, pandisha.

Mama alikuwa bado ameshika kidole hewani.
Nikachukua chaki, nikaenda ukutani, nikaandika:

Namahala, Fatu. Fungu moja. Anadai.

Na chini yake, bila rula,
nikapiga mistari kumi na saba.