Kituo cha Kumi na Nne

Tuwei, vaa kizibao, kifunge vizuri.
Filimbi ishike mkononi, usiitie mfukoni:
mfukoni ni mbali sana gari linapokuja.

Umeniuliza tangu Mbaruk, njia nzima:
mbona hayafukuzani, mbona si msururu,
nani atajua nani yuko mbele?
Hapa adui si mwenzako, ni saa.
Linaondoka moja, vumbi linatua,
dakika mbili, linaondoka jingine,
na kila dereva anapigana peke yake
na njia ya ng'ombe aliyoipita mara mbili tu,
juzi, polepole,
kama mtu anayekagua shamba kabla ya kulipa.

Peke yake? Nimesema vibaya.
Kando yake kuna mtu ameinamisha kichwa,
haangalii njia, anasoma daftari:
"Kulia tatu, inafunga, usikate, jiwe ndani.
Mia moja. Mlima, shika katikati. Kushoto sita."
Sita ni kona laini, mguu hauinuki.
Moja ni kona ya kugeuza punda.
Akiruka ukurasa,
wanalala kwa Mama Gathoni, mle mahindini,
na mahindi yale hayakualika wageni.

Watu watakuja, wengi, watoto mabegani,
na kila mmoja atataka kusimama nje ya kona
kwa sababu picha ya pale ni nzuri.
Ni nzuri kwa sababu gari linakuja moja kwa moja.
Likishindwa kukata haliendi ndani, linatupwa nje,
kama maji ya ndoo unayoizungusha.
Waambie wapande juu, penye utepe.
Waambie kwa heshima.
Kisha puliza.

Umeona ninavyochechemea.
Huu mguu sikuuvunja nikiendesha.
Nilikuwa na simu mkononi,
natafuta picha nzuri.

Vumbi la huku Elementaita, usilidharau.
Ni unga. Linaingia kwenye chujio, kwenye meno,
kwenye chai utakayokunywa Jumanne.
Usitafute gari, tafuta wingu.
Na wale punda milia wakitega masikio yote upande mmoja,
mpigie mkuu wa njia: wao hawahitaji redio.

Haya. Hilo. Simama!

...

Umefumba macho, nimekuona.
Hata mimi siku ya kwanza nilisikia tu
kokoto zikipiga kizibao, na moyo, na kimya.
Fungua. Andika namba.
Mengine ishirini na tisa yanakuja.

Sasa ni saa kumi, watu wanakunja mablanketi,
unasema tumemaliza.
Hesabu karatasi yako. Arobaini na moja iko wapi?
Ile Subaru ya bluu yenye boneti ya kijani,
ya Njambi, fundi wa Njoro, na shemeji yake Odhuno,
mwalimu wa hesabu, aliyeomba ruhusa ya siku tatu
akasema ana msiba.

Sikia. Pap, pap, pap.
Tairi la nyuma limekwisha, limebaki chuma,
mlango umefungwa kwa kamba ya mbuzi,
wanakuja mwendo wa mtu anayetoka kisimani.
Unacheka? Cheka, lakini sogea karibu,
dirisha halina kioo, msikilize mwalimu:
"Kushoto mbili. Usikate. Hamsini."
Bado anasoma!
Mtoto wa nasari angewapita, naye anasoma,
na Njambi, uso mweupe kwa vumbi, anaitikia kila neno,
na kona hakuikata.

Mbona wasirudi nyumbani, unasema, wameshashindwa.
Asubuhi yaliondoka arobaini na tatu.
Kumi na matatu yako korongoni, au yanavutwa kwa trekta,
mengine ya vijana wenye kofia za bei ya ng'ombe wawili.
Wewe jibu.

Andika, Tuwei. Arobaini na moja.
Saa kumi na dakika saba.
Kwa kalamu, si kwa penseli.

Na usivue kizibao bado.
Gari la kufagia njia halijapita,
na huu utepe haujikunji wenyewe.