Toleo Jipya

Liliingia usiku wa Jumanne watu wamelala,
ukungu umevikalia vilima vya Valparaíso
kama paka aliyekatazwa kitanda.
Asubuhi simu zikaamka na sura nyingine.

Nina kibanda cha fundi
pale kibehewa cha kilimani kinaposhusha abiria.
Hata kufuli sijafungua,
foleni ilikwisha kufika kwa muuza mkate.

"Saa imekuwa ya kioo," alifoka Nibaldo wa gari la taka.
"Mbwa wangu namwona nyuma yake vizuri sana.
Wakati ndio siuoni."

Rayén, mwanafunzi, yeye aliipenda.
Aliipapasa kwa kidole gumba: "Laini kama sabuni!"
Akatutazama tulivyokunja nyuso,
akapanda zake kilimani.

Eleuterio, mwendesha kibehewa, kitufe chake kimehama.
Alidhani amemkatia simu mkaguzi,
kisha akasema yote aliyokuwa akiyameza tangu Januari.
Mkaguzi alikuwa bado anasikiliza.

Na muuza mkate, kibodi sasa inamjua kuliko mkewe:
aliandika *naku*, akitaka *nakudai*,
ikamalizia *nakupenda*,
ikaenda.
Mdeni hajalipa. Ameleta maua.

"Turudishie ya zamani," walinikaba wote,
kana kwamba mimi ndiye niliyeiiba.
Nikasema hairudi, maji yakimwagika hayazoleki.
Mmoja akaomba apunguziwe bei
ya kitu ambacho sikumuuzia.

Kisha Ermelinda Oyarzo, mshona mapazia.
Aliilaza simu kifudifudi mezani
kama karata asiyotaka ionekane.
Mwanawe yuko kusini kabisa, Punta Arenas,
anaunga mabomba ya gesi.
Kila Ijumaa hutuma sauti, dakika tano, sita,
akizunguka maneno kama mtu anayetafuta funguo.

Toleo jipya husikiliza kwa niaba yako.
Lilikuwa limemwandikia:

*Yuko salama. Kuna baridi.
Atapiga Jumapili.*

"Limekosea?" nikauliza.
"Halijakosea. Kikohozi chake kiko wapi?"

Nilitafuta bisibisi niliyokuwa nimeishika.

"Mwezi wa tano kilikuwa kikavu," akasema.
"Wa sita kikaingia maji.
Mimi namsikiliza kifua, fundi.
Baridi ya kule naijua, sihitaji kuambiwa."

Nikaingia kwenye mipangilio, mlango ndani ya mlango,
nikaikuta swichi imejificha chini ya neno *Urahisi*.
Nikaizima.

Akaketi kwenye stuli yangu, simu sikioni,
macho yako kwenye waya za ukutani.
Foleni ilinyamaza, hata Nibaldo.
Vidole vyake vilikuwa vikikunjuka kimoja kimoja
juu ya goti.

"Mara nne," akasema. "Wiki iliyopita zilikuwa saba."

Nilikataa pesa. Akaacha kipande cha pazia la kijani,
eti jua la saa tisa linanipiga usoni.

Jioni nikafunga.
Yangu nayo ilikuwa imepokea ujumbe tangu asubuhi,
wa ndugu yangu Baltazar.
Hatujazungumza tangu tugawane vitu vya mama.

*Anauliza hali. Si haraka.*

Na kwa kuwa si haraka, nilikuwa nimeuacha siku nzima,
nikiwacheka watu na vitufe vyao.

Nikabonyeza. Dakika nne.
Sekunde arobaini za mwanzo hakuna neno.
Kuna birika linachemka.
Kuna kiti kinavutwa, ni kile cha mama,
naujua mlio wake kwenye vigae,
mguu wa kushoto hugusa chini mwisho.
Halafu pumzi inavutwa,
inashikwa,
inaachiwa,
inavutwa tena.