Siku ya Themanini na Nane

Zabloni, usikate simu.
Ni mimi, Mwamvita wa ofisi ya Mabibo,
niliyekuazima viatu vya usaili,
namba nane, vikakubana, ukasema vinatosha.

Najua mguu umevimba.
Najua msimamizi wa zamu bado anakuita "we mgeni",
na magodoro ya Barabara ya Pugu ni mepesi
kwa anayeyalalia,
si kwa anayeyapakia tangu saa kumi na mbili asubuhi.
Lakini leo ni ya themanini na nane.
Zikitimia tisini, napeleka karatasi yenye mhuri wa kiwanda
na mradi unatulipa fungu la mwisho.
Ukiacha siku ya themanini na tisa
hawatoi hata hela ya maji.

Haya, nimekwambia. Sikupaswa kukwambia.

Kule semina ya Morogoro mkufunzi alicheka:
"Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"
Tukapiga makofi. Tukapewa kalamu mbili kila mtu.
Ya kijani ni ya kijana mwenye cheti, asiye na mtoto mgongoni,
atakayepata kazi kabla chai haijapoa.
Wewe ulikuwa kijani.
Nyekundu ni Sikudhani, miaka arobaini na sita,
kumi na tisa kati ya hiyo kwenye nyuzi
za kiwanda ambacho sasa ni ghala la vigae.
Kila Jumatatu anakuja, kilemba kimepigwa pasi,
anakaa mwisho wa benchi, pale penye msumari.
Namwambia, "Bado, mama."
Tangu Ramadhani sijampigia mtu yeyote simu kwa ajili yake.
Hesabu inamkataa.
Hesabu niliipiga mimi.

"Dada," unaniuliza, "hapa unanipigia mimi
au unaipigia hundi?"

Nasikia mashine zenu nyuma yako.
Nasikia mtu anaita jina ambalo si lako, na wewe unaitika.

Nimekutumia elfu tano. Ni yangu, si ya mradi.
Nunua dawa ya kuchua, ibaki nauli ya kesho na kesho kutwa.
Usiulize ni huruma au ni chambo;
na mimi nimeogopa kujiuliza.

Na siku ya tisini na moja?
Mwaka jana walitolewa kumi na mmoja, wiki iliyofuata.
Tukawaandikisha upya.
Tukalipwa upya.
Fomu yangu ina visanduku tisini, Zabloni,
na chini yake pamebaki peupe, upana wa kidole,
mchapaji alikosea vipimo.
Hapo huwa najaribia kalamu kama inaandika.

Subiri kidogo.
Leo Jumatatu. Nasikia kandambili ngazini,
zinapumzika kila ngazi ya tatu.
Sijui leo nitashika kalamu ipi.

Usikate.