Kabla ya Kutaja Bei

Dalali alianza na rangi.
Alipitisha kiganja juu ya boneti
kama mtu anayempapasa ndama wa jirani,
akasema, "Daktari, hii haijatembea,
ina skrini, ina kamera ya nyuma,
viti ni vya ngozi."
Nikamwambia ngozi nazijua.
Mwaka wa kumi na moja huu nazichoma sindano.

Fundi Nnko hakusema kitu.
Alitandika boksi kwenye vumbi la Unga Limited,
akalala chali, akajisukuma chini ya pikapu
mpaka zikabaki kandambili zake, moja ya bluu, moja sijui.
Tukasikia ufunguo: ko, ko, ko.
Chuma kizima kina sauti yake.
Halafu, karibu na ekseli ya nyuma,
pu.
Akatoka na kutu kwenye ndevu.
"Hii imeoga bahari kabla ya kuoga rangi."
Dalali akautazama Mlima Meru
kana kwamba mlima ndio uliosema.

Mimi sikujua ninachotaka. Nilijua ninachokimbia:
Jumanne moja ya mwezi wa nne,
korongo la kabla ya kufika Engikaret,
gari la kuazima, jipya, lenye taa nyingi.
Maji yalipofika magotini
likawasha taa ya njano, likazima,
likaniandikia kwa lugha ya watu nisubiri msaada.
Msaada upi? Palikuwa na mimi, upepo,
na chanjo mia nne kwenye boksi la barafu.
Barafu ina saa zake, haisomi skrini.
Jioni nilifunua kifuniko nikatia kidole:
vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Nosikito alikuwa ameleta mbuzi thelathini na sita,
amewashikilia tangu alfajiri.
Alinitazama tu, hakunilaumu.
Laiti angelaumu, ningelala.

La pili lilikuwa jeupe, na kwa haki ya Mungu zuri.
Nnko akauliza swali moja:
"Pampu hii ikifa Longido, nani anayo?"
"Tunaagiza Dubai, wiki tatu."
"Sawa. Na mbuzi tuwaambie wasubiri Dubai."

La tatu lilikuwa nyuma ya choo, chini ya turubai.
Hailaksi, rangi ya ugali wa jana,
vioo vya kukoroga kwa mkono,
mita imekufa kwenye laki tatu na kidogo.
Kuku alikuwa ametaga kwenye bodi.
Dalali aliona haya, akamfukuza kuku.
Nnko akaingia chini, akagonga,
ko, ko, ko, akaenda mpaka mwisho, akarudi akigonga,
halafu kimya kirefu, nikadhani kalala.
"Njoo uone," akasema.
Nikalala naye pale vumbini na gauni langu la kazi.
Kulikuwa na mshono wa kuchomelea kwenye chasisi,
mnyoofu, umepakwa rangi kwa brashi.
"Aliyechomelea hapa," akanong'ona,
"alijua ataliendesha mwenyewe."

Tulilipeleka juu ya Ngaramtoni, njia ya mawe.
Tairi moja likaning'inia hewani.
Nnko akavuta gia fupi,
gari likanguruma chini kwa chini,
likafikiri,
likapanda bila kutafuta sifa.

Nilipungukiwa laki nane. Dalali alilalamika,
akataja watoto wake wote kwa majina,
akapokea.
Yai nikapewa.

Mlango wa dereva haufunguki kwa nje.
Naingilia wa abiria, naivuka gia,
na boksi la barafu nalivusha kichwani.
Watu wa Sakina wamepata kicheko cha asubuhi.

Jana korongo lilikuwa na maji ya magotini.
Sikusimama kuyasalimu.
Nosikito alishawapanga mbuzi.
Akalizunguka gari mara moja, polepole,
akagonga tairi kwa fimbo, akasikiliza, akaguna:
"Hili bovu ni la nani?"
"Langu," nikasema,
nikiwa bado natafuta pa kutolea mguu
upande wa abiria.