Droo ya Tatu

Waliniuliza kama nilijua.

Nilijua rangi yake: kahawia,
na kidirisha cha plastiki tumboni
ambamo jina lake lilichungulia:
Orest Hrynchuk, Wakili,
Barabara ya Selkirk, Winnipeg.
Mwanzoni kila Mei, kisha kila mwezi, kisha kila juma.
Nilizipokea mimi. Nilimpelekea mimi.
"Weka tu, Mwanakheri," angesema,
kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni aketi.

Droo ya tatu, chini ya birika.
Miaka tisa. Ilipokataa kufunga
akaisukuma kwa goti.

Na ni yeye yule aliyerudi ofisini usiku wa manane,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limegoma, kope zimeota barafu,
kwa kuwa mirathi ya mjane mmoja
ilitakiwa mahakamani kabla ya saa tatu asubuhi.
Jambo la mtu halikumchelewesha hata siku moja.
Fedha za wateja alizihesabu
kama mzazi anayepima dawa ya mtoto:
tone,
tone.

Baraza la nidhamu lilikaa ghorofa ya nne.
Watu watatu, jagi la maji.
Mwendesha mashtaka, binti mpole mwenye mafua,
hakupaza sauti. Alisema:
anayewaapisha wengine kwa sheria
hawezi kujichagulia siku ya kuitii.
Nikakubali moyoni kwamba ni kweli,
nikamchukia kidogo.

Mtetezi akazungukazunguka:
talaka, kukosa usingizi, aibu inayozaa aibu,
jinsi bahasha ya kwanza usipoifungua
ya pili huja na meno.
Kwetu yote hayo ni maneno mawili, mganga hajigangi,
ila sikuwatafsiria.
Methali si risiti.

"Je, ulijua?"

Nilijua, nikasema. Sikumwuliza
kwa sababu mshahara wangu uliingia kila tarehe ishirini na nane,
kodi yangu imekatwa na kupelekwa, hadi senti.
Yangu aliilipa.
Mmoja wa wale watatu akaacha kuandika.

Miezi minane bila leseni, na gharama za shauri juu yake.
Cheti alikishusha ukutani mwenyewe;
ukabaki mstatili mweupe kuliko ukuta,
kama mahali palipofungwa bandeji.
Akaniuliza ufunguo wa droo uko wapi.
Haijawahi kuwa na ufunguo, nikamwambia.

Jioni, nyumbani, juu ya friji,
bahasha yangu mimi. Siku ya kumi na mbili.
Niliichana kwa kisu cha vitunguu, nimesimama,
koti sijavua, theluji inanidondoka viatuni.

Wananirudishia dola arobaini na moja.