Nyuki Juu ya Kaunta

Ilikuwa Februari, Kranj, theluji imeshageuka tope,
na mimi nilikuwa na zile sentensi zangu mdomoni
kama pipi iliyokwisha utamu:
megapikseli arobaini na tano,
video ya kupunguza mwendo,
skrini inayogeuka ujione uso.

Akaingia bibi mmoja amevaa koti la mumewe
(nililijua kwa vifungo, vilikuwa upande wa kiume),
akapangusa viatu mara tatu,
akasema anaitwa Jerneja Šubic, anatoka juu huko, njia ya Jezersko,
na anataka kamera.

Ya nini?
Ndilo swali. Sikuliuliza.
Nilimshushia rafu nzima.

Hii nyepesi, mama, inaingia mfukoni.
Hii huvuta mlima wa ng'ambo mpaka uuguse.
Na hii wanayo wapiga picha za harusi wote hadi Ljubljana,
haipotezi jicho la bibi harusi hata akipepesa.
Alizipokea moja moja, akazipima uzito
kama mtu achaguaye boga sokoni,
akazirudisha.

Kisha akatoa kiberiti.
Nikadhani atawasha sigara, nikafungua mdomo kumkataza.
Akakisukuma kwa kidole gumba, akakiinamisha,
na juu ya kioo cha kaunta yangu
akaanguka nyuki mfu.

"Nionyeshe tumbo lake. Hapa, kwenye mikunjo."

Kamera ya kwanza ilihangaika, mbele, nyuma,
ikaamua kuwa kilicho muhimu ni kidole changu.
Ya pili ilimwona kama punje ya kahawa iliyomwagika.
Ile ya harusi, ya euro elfu tatu na mia mbili,
ilinitaka nisimame mbali kama mgeni asiyekaribishwa,
na kutoka huko ikanipa picha nzuri sana
ya kaunta.

Hakucheka. Alinieleza polepole,
kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
mizinga kumi na tisa; vuli iliyopita ilikufa sita.
Utitiri. Mwekundu, mdogo kuliko kichwa cha pini,
na macho yaliyomtosha miaka sitini na minane
sasa yanamdanganya.
Daktari wa mifugo yuko mbali, hawezi kumpelekea mzinga.
Picha anaweza.
"Kwa hiyo usiniuzie mlima," akasema.
"Mlima ninao dirishani."

Nikaenda nyuma, kwenye sanduku la mitumba.
Kamera ya miaka tisa, mpira wa kushikia umebanduka,
aliyeirudisha ni daktari wa meno mstaafu wa Škofja Loka.
Lenzi yake haivuti chochote kutoka mbali;
inajua jambo moja tu, kusogea karibu,
na mdomoni pake imefungwa pete ya taa
iliyomulika magego ya mji mzima.
Megapikseli kumi na sita. Nilizitaja kwa aibu.

Tukamlaza nyuki chali juu ya risiti.
Nikasogea. Nikasogea tena. Nikazuia pumzi.
Na kwenye skrini akatokea mnyama:
manyoya kama shali kuukuu,
magamba ya tumbo yamepandana kama vigae,
na kati ya kigae cha tatu na cha nne
kitu kinachong'aa, rangi ya chai ya mkandaa,
kimejibana
kama deni.

"Huyo," akasema bibi.
Hakusema kingine kwa muda.

Aliuliza mawili tu:
je, kitufe kitabonyezeka na glavu za nyuki?
Je, kina kelele?
Kitabonyezeka. Kelele, kidogo.
"Watazoea. Mimi nilizoea mkoromo wa huyu,"
akagusa kola ya koti.

Mia mbili na kumi. Akaibishania ile kumi, akaipata.
Nikamtilia betri ya pili, maana baridi ya kwao
hula betri kama mbuzi na majani.

Jioni, nikifunga hesabu, nikamkuta nyuki bado chali
juu ya ile risiti.
Ilikuwa ya kijana wa asubuhi,
aliyeondoka na kamera ya elfu tatu na mia mbili,
nami sikumuuliza
anakwenda kupiga nini.